Ua Nililolileta kwa Ndoo

Sisi walimu tumezoea kusimulia makosa ya wanafunzi wetu. Leo nitasimulia kosa langu mwenyewe. Nimekaa nalo miaka mingi bila kuliandika, kwa sababu ya haya. Lakini mwezi uliopita nilikuwa Kisangani, mahali mitumbwi inapofikia, nikamwona kijana mmoja akiokota majini mimea yenye maua ya zambarau na kuitia katika mfuko wa plastiki. Nikamwuliza anaipeleka wapi. Akanijibu, "Nyumbani, baba. Ni maua mazuri." Nilijaribu kumweleza. Alinisikiliza kwa adabu, akacheka kidogo, akaenda zake na mfuko wake. Basi nikasema moyoni, afadhali niandike.

Shule ninayofundisha iko kando ya barabara itokayo Kisangani kwenda Buta. Nyuma ya madarasa kuna bonde dogo lenye kijito, nacho kijito hicho huingia katika mto Lindi, na Lindi huingia katika mto Kongo chini kidogo ya Kisangani. Katika bonde lile wazazi walikuwa wamechimba bwawa la samaki, meta 20 kwa meta 20. Walilichimba kwa majembe na mabeleshi, Jumamosi kwa Jumamosi, karibu mwaka mzima. Tilapia waliovuliwa waliuzwa barabarani, na fedha zao zililipa karo ya watoto ambao jamaa zao hawakuwa na kitu. Wakati ule masomo ya shule za msingi yalikuwa bado ya kulipiwa. Masomo ya bure yalianza kutekelezwa katika nchi yetu mwezi wa Septemba 2019. Mwaka ninaousimulia, yaani 2017, watoto waliolipiwa na bwawa walikuwa 14. Naomba msomaji aikumbuke hesabu hiyo.

Mwezi wa Machi nilikuwa na somo la mimea, na sehemu moja ya somo ilihusu jinsi mimea mingine inavyoelea. Tangu nilipokuwa seminarini nimependa somo hilo. Padri mmoja alitufundisha akituonyesha kila kitu kwa macho, naye alisema kwamba mwalimu anayechora jani ubaoni wakati jani lenyewe liko nje mlangoni ni mvivu. Mimi sikutaka kuwa mvivu. Nilipokwenda mjini kuchukua mshahara, nilishuka mtoni nikatoa mimea 3 ya gugu maji, nikaitia katika ndoo yenye maji kidogo, nikaifunga nyuma ya pikipiki. Njiani watu waliniuliza kama nauza maua.

Somo lilifaulu sana. Tulipasua bua la jani, lile lililovimba kama chupa ndogo, na watoto wakaona ndani yake sponji iliyojaa hewa. Tulitazama mizizi yake myeusi, iliyochanuka kama manyoya ya ndege na kuning'inia majini bila kushika udongo. Tulilitazama na ua lenyewe, rangi ya zambarau nyepesi, na juu ya petali lake moja alama ya manjano kama jicho. Watoto hawakutaka kengele ilie. Somo lilipokwisha, mtoto mmoja akaniuliza, "Bwana Mwalimu, sasa tuyatupe?" Nami nikajibu, tusitupe kitu kizuri hivyo, tuyatie bwawani, yatatusaidia na mwaka ujao.

Ndivyo nilivyosema. Nakumbuka hata mahali niliposimama.

Gugu maji halina haja ya mbegu ili liongezeke. Mmea mmoja hutoa kamba pembeni, na mwisho wa kamba ile huota mmea mwingine, nao hutoa kamba yake. Mahali penye joto na chakula cha kutosha, magugu huongezeka mara mbili kwa muda wa majuma mawili hivi, mara nyingine upesi zaidi. Na chakula bwawani kilikuwapo! Kila juma tulitia mbolea ya kuku na pumba za mchele, ili maji yawe ya kijani na samaki wanenepe. Mgeni yule alikuta meza imekwisha kuandikwa.

Baadaye nilifanya hesabu pamoja na darasa la sita. Mimea 3, baada ya majuma mawili, 6, kisha 12, kisha 24. Mwisho wa Juni, baada ya majuma 16, ni mimea 768. Hiyo ilikuwa sehemu ndogo tu ya bwawa, kama chumba kimoja cha nyumba, tena ilikuwa kando, chini ya mianzi. Sikuona hatari yoyote. Nilijisifu hata mbele ya wageni. Kwa sikukuu ya Mitume Petro na Paulo watoto walikata maua yake wakapamba kanisa dogo la kijiji. Jioni yalikuwa yamenyauka.

Kisha likizo ikaja, nikaenda Kisangani kwa kazi za mitihani. Katikati ya Agosti mlinzi wa shule alinipigia simu kwa habari nyingine, akataja kwa kupita kwamba majani yangu sasa yamefunika nusu ya bwawa. Nikamwambia tutayapunguza nikirudi, maana nusu bado iko wazi. Mimi ni mwalimu wa hesabu pia! Kitu kinachoongezeka mara mbili kwa majuma mawili, kikiwa kimefunika nusu, kimebakiza majuma mawili tu kumaliza yote. Kwa hesabu ile ile, mwanzo wa Septemba mimea ilikuwa imepita 24,000.

Niliporudi sikuona maji. Niliona shamba la kijani, lenye maua, kutoka tuta hadi tuta. Mtoto mdogo angeweza kudhani ni mahali pa kukanyaga. Harufu ilikuwa mbaya. Tulipoyasukuma majani kwa upondo, tilapia walielea chini yake, matumbo juu, wengine wamekwisha kuoza. Ngolo wachache tu ndio waliokuwa hai, kwa sababu ngolo huweza kuja juu na kuvuta hewa kama sisi. Tilapia hawana uwezo huo. Sababu ya kufa kwao si sumu, kama wengi walivyodhani. Majani yakifunika maji yote, mwanga haufiki chini, na vimea vidogo vya majini vinavyotoa hewa safi mchana hufa. Upepo nao hauwezi kuyatikisa maji ili yachanganyike na hewa. Tena majani yaliyokufa huzama na kuoza, na kuoza huko hula hewa kidogo iliyobaki. Samaki hukosa pumzi, hasa usiku kuelekea alfajiri.

Siku ile ile wazazi wakakusanyika. Mwenyekiti wao akauliza: "Majani haya yametoka wapi?" Nami nilinyamaza.

Sikusema uongo, nilinyamaza tu. Wengine wakasema ndege ndio walioleta mbegu, jambo ambalo laweza kutokea. Lakini wengine wakatazama juu ya kijito, ambako mzee mmoja alikuwa na bwawa lake mwenyewe. Walikumbuka kwamba mzee yule aligombana na kamati juu ya mfereji wa maji. Usiku vijana wakaenda wakauziba mfereji wake kwa matope na magogo. Kesho yake watoto wake walitukanwa njiani. Watoto wa darasa langu walijua ukweli wote, lakini hawakuthubutu kusema neno kabla ya mwalimu wao. Waliniangalia tu. Macho ya watoto 40 ni mzigo mzito.

Siku ya nne nilikwenda kwa babu yangu mzaa mama, aliyeishi safari ya saa mbili kutoka pale. Wakati ule alikuwa na miaka 85 hivi. Sikwenda kuungama kwake. Nilikwenda kuuliza dawa, maana katika ujana wake, miaka ya 1950, alikuwa kibarua kwenye matishali, yale mashua bapa yanayosukumwa na meli kati ya Léopoldville na Stanleyville, ndizo Kinshasa na Kisangani za leo. Nilidhani anajua namna ya kuliua gugu lile.

Babu alicheka kwanza. Akasema, "Mjukuu wangu, umeleta Kongo ya sika kwa ndoo?" Hilo ndilo jina ambalo watu wengi wa mto walilipa gugu hili kwa Kilingala, maana yake Kongo mpya. Kisha akaniuliza swali moja. "Wewe umesoma. Mto unashuka, sivyo? Na kitu kinachoelea hushuka nao. Basi gugu hili lilipandaje mpaka Kisangani?"

Nikakaa kimya, maana sikuwa nimewaza hivyo. Asili ya gugu maji ni Amerika ya Kusini, katika nchi za mto Amazon. Wataalamu waliliita zamani Eichhornia crassipes, na siku hizi wengi huliita Pontederia crassipes. Watu walilihamisha kwa ajili ya ua lake, wakalitia katika vidimbwi vya bustani zao, nalo likatoka bustanini. Misri liliingia katika karne ya 19, Afrika ya Kusini mwanzoni mwa karne ya 20. Katika mto wetu lilitambuliwa mwaka 1952, na kwa muda wa miaka mitatu lilikuwa limeenea kilomita zipatazo 1,600, kutoka Léopoldville hadi Stanleyville. Hayo niliyasoma. Lakini swali la babu halikuwa katika vitabu nilivyosoma.

"Tulilipandisha sisi," akasema. "Lilikwama kati ya matishali, hakuna aliyejali. Wanawake walifunika samaki wao kwa majani yake mabichi ili jua lisiwachome. Watu waliyatandika ndani ya mitumbwi wakakalia. Wengine walichukua maua kwa ajili ya wake zao. Tukifika kituo cha kuni, tunayatupa majini, nayo yanaanza kuzaa hapo. Halafu wakubwa wakatuma watu wenye mashine za kupuliza dawa. Mimi mwenyewe nilibeba mapipa ya dawa ile katika tishali lile lile lililobeba majani." Alisema hayo bila kucheka tena.

Dawa ile iliitwa 2,4-D, na ni kweli kwamba serikali ya Wabeljiji ilitumia nguvu nyingi na fedha nyingi kulinyunyizia gugu. Lilikufa mahali hapa, likaonekana pale. Dawa haifiki katika kila kidimbwi na kila kinamasi kilichojificha msituni, na mbegu iliyolala matopeni haiguswi nayo. Hata leo visiwa vya majani hupita mbele ya Kinshasa vikielekea baharini. Anayetaka dawa ya haraka kwa bwawa la samaki afikiri tena: majani yote yakifa kwa siku moja, yatazama na kuoza yote pamoja, na samaki waliosalia watakosa hewa mara ya pili.

Nilimwambia babu habari za yule mzee mwenye bwawa. Hakunipa shauri. Alisema tu kwamba jua linakwenda na njia ni ndefu, afadhali niondoke sasa.

Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, nikamwomba awaite wazazi jioni ile ile. Nikasema mbele ya wote, "Majani haya niliyaleta mimi, mwezi wa Machi, kwa ndoo." Mama mmoja akaguna. Mwenyekiti aliinama, akaanza kuchora chini kwa kijiti. Nikamgeukia mzee nikamwomba radhi. Yeye hakukasirika, walau haikuonekana usoni. Alinitazama, akasema, "Siku nne, Mwalimu." Kisha akaenda kufungua mfereji wake, na vijana wale wakamfuata kumsaidia.

Kazi ya kung'oa ilichukua siku 9. Naieleza kwa urefu, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea tena. Kwanza tuliweka uzio wa vijiti vya mianzi vilivyobanana mahali maji ya bwawa yanapotoka, ili hata mmea mmoja usiteremke kijitoni. Shauri hilo ni la babu, alinipigia kelele nalo nilipokuwa nimekwisha toka uani pake. Kisha tuliingia majini kwa mistari, tukiyavuta majani kwa reki na kwa mikono, kutoka juu kwenda chini. Gugu bichi ni zito ajabu, kwa sababu sehemu yake kubwa ni maji. Watu wawili hubeba kikapu kimoja wakitweta. Tulifanya kazi wakati wa jua kali na si alfajiri, kwa kuwa mbu hujaa chini ya majani yale. Mbu wa namna moja, viluwiluwi vyao hata havina haja ya kupanda juu kuvuta hewa: hutoboa mizizi ya gugu na kuvuta hewa iliyomo. Konokono wanaobeba kichocho nao hupenda kivuli chake. Tulikuta nyoka wawili.

Siku ya kwanza niliagiza marundo yawekwe juu ya tuta, karibu, ili tusichoke. Usiku mvua ikanyesha, na asubuhi nusu ya rundo moja ilikuwa imeteleza. Nyingi zilirudi bwawani, lakini mimea 5 ilikwenda upande wa pili, katika mfereji. Wavulana wawili waliikimbilia wakaikuta karibu kabisa na kijito. Tangu hapo tukayabeba majani mbali, juu kwenye shamba la mihogo, tukayatandaza juani mpaka yakakauka kama karatasi, ndipo yakawa mbolea. Yakiwa mabichi yasirundikwe karibu na maji yoyote. Hata yakikauka, sifurahii sana shauri la wale wanaosema gugu hili ni mali, lisukwe vikapu na viti, kama wafanyavyo wengine huko Kisumu. Vikapu ni vizuri, nimeviona. Lakini mtu anayekula kwa gugu hatataka liishe.

Na kwa kuwa nimetaja Kisumu, nimalize swali la wadudu, ambalo wanafunzi huniuliza kila mwaka. Katika Ziwa Victoria gugu lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, likiletwa pia na mto Kagera kutoka milima ya Rwanda na Burundi. Mwaka 1998 lilifunika karibu hekta 17,000 upande wa Kenya peke yake. Mitumbwi haikuweza kutoka wala kuingia. Wataalamu walikuwa wameleta mbawakawa wadogo kuliko punje ya mchele, waitwao Neochetina, kutoka nchi ya asili ya gugu. Walikuwa wamewapima kwanza kwa uangalifu kama hawatageukia mazao. Uganda iliwaachilia tangu 1995. Wakubwa hukwangua jani, na watoto wao hutoboa bua, mpaka lile sponji lenye hewa linajaa maji na mmea kuzama. Pamoja na mawimbi na hali ya hewa ya mvua kubwa za 1997 na 1998, kazi yao ilionekana: katika miaka michache sehemu kubwa ya gugu ilitoweka. Lakini haikwisha. Limerudi mara kadhaa tangu wakati ule, kila mito inapoleta udongo wa mashamba na uchafu wa miji, maana hivyo ndivyo vyakula vyake. Wadudu hufaa ziwa na mto mkubwa, kwa mkono wa serikali na kwa miaka mingi. Kwa bwawa la meta 20, mdudu wake ni mwanadamu mwenye reki.

Siku ya tisa tulifungua maji yote yatoke, kupitia uzio wetu, tukaliacha bwawa likauke. Mwaka uliofuata tulinunua vifaranga vya samaki kwa mzee yule wa juu ya kijito. Alituuzia kwa bei yake ya kawaida, hakupunguza hata franka moja, nami niliona ni haki.

Lakini mwaka mmoja wa shule ulipita bila samaki. Katika watoto wale 14, tisa walilipiwa na wazazi waliochangishana, na mimi nilitoa mshahara wangu kadiri nilivyoweza. Wanne walirudi mwaka wa pili. Mmoja hakurudi. Alikwenda kufyatua matofali na mjomba wake, akazoea fedha. Sasa ni mtu mzima, ana mke. Tukikutana sokoni huniamkia kwa heshima, "Jambo, Mwalimu," na kunipa mkono wenye udongo mwekundu. Sijui kama anajua habari za ndoo. Sijamwuliza.

Maua yale yaliyotupendeza yalikuwa yamekwisha kuangusha mbegu, na mbegu za gugu maji huweza kulala matopeni hata miaka 20 zikingoja maji yapungue na mwanga uzifikie. Kwa hesabu hiyo zamu yetu itaisha mwaka 2037, nami nitakuwa nakaribia miaka 50. Kila Jumamosi watoto wawili huzunguka bwawa wakitafuta miche. Nimewafundisha kuitambua ikiwa michanga, maana haifanani na mama yake: majani yake ya kwanza ni membamba kama ya nyasi, hayana uvimbe.

Mwaka huu tumepata 6. Wa sita aliletwa juzi na msichana wa darasa la tatu, ameushika kwa vidole viwili, maji yakimdondoka hadi kiwikoni. Akaniomba tuutie katika kopo ndani ya darasa, ili aone ua lake mara moja tu, kisha tuuchome. Nikamwambia hapana. Alisikitika. Tukauweka pamoja juu ya bati nyuma ya ofisi, juani, akakaa kuutazama mpaka kengele ikalia.